Uzi Uliopita Mdomoni

Massachusetts, 8 Oktoba 1911

Mama yangu mpenzi,

Asifiwe Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua hakijaanza kukusumbua tangu ukungu wa vuli uliposhuka huko kwetu Lithuania. Mimi sijambo, ila kikohozi cha vumbi la pamba, ambacho hapa hakihesabiwi kuwa ugonjwa.

Uliniuliza nafumaje. Si kama wewe, Mama. Mitambo minane hunguruma pamoja, nami hutembea katikati yake. Uzi ukiisha kwenye kijiti kinachoupitisha mtamboni, naweka mwingine, kisha naweka midomo kwenye tundu lake dogo na kuuvuta kwa pumzi hadi utokeze. Wenyewe huita kubusu. Nabusu kutwa nzima, wala hakuna anayenibusu mimi.

Jumamosi niliona dirishani mwa duka kubwa sanamu la mwanamke, limevaa gauni la kitambaa nilichokifuma; nilikitambua kwa mistari yake ya samawati. Nilisimama hadi bawabu akaniuliza, "Dada, unanunua au unaabudu?"

Mwanao,
Kotryna


26 Novemba 1911

Mwanangu Kotryna,

Milele na milele, amina. Anayeandika ni mpiga kinanda wa kanisa, kwa maneno yangu, nimemkataza kuyapamba. Ng'ombe ni mzima, viazi vimetosha, kifua hakijambo.

Kitani cha sanda yangu bado kiko mtamboni. Unaijua desturi ya nyumba yetu: mama hufuma, binti humalizia dhiraa ya mwisho, mama asije akaondoka duniani kama mtu asiye na mtu. Bibi yako nilimmalizia kwa mikono hii. Tangu uondoke nafuma polepole kwa makusudi. Sasa imebaki dhiraa yako tu, nami sina tena cha kukifanya polepole.

Sokoni hakuna anayekitaka kitani changu. Wasichana wananunua pamba ya kiwandani, yenye mistari. Sikulaumu, huenda si ya kiwanda chenu.

Kama mikono yako haiwezi kuja, nitumie uzi uliopita mdomoni mwako. Nitamalizia kwa huo. Fanya hima, Kwaresima isinikute ningali nangoja.

Mama yako,
Ursule

Habari ya kifua si ya kweli. Anakohoa hata ninapoandika. — Mwandishi.


Massachusetts, 28 Januari 1912

Mama yangu mpenzi,

Asifiwe Yesu Kristo. Je, kifua? Safari hii mwache mwandishi wako aseme kweli.

Barua yako ilinikuta nimekwisha kutoka kiwandani. Sheria imepunguza saa za kazi, na wenye kiwanda wakapunguza mshahara kwa kadiri hiyohiyo, wakati mkate haukupungua bei. Wanawake wa Kipolandi walizima mitambo yao, nasi tukazima yetu. Sasa askari wamesimama langoni na bunduki, nasi tunazunguka kiwanda kwenye theluji, mikono imeshikana, kila kabila likiimba kwa lugha yake.

Uzi wako umo humo ndani. Msimamizi alinivuta kando: "Kotryna, wewe una akili. Pita mlango wa nyuma, hakuna atakayekuona." Nilitaka, Mama. Nilitaka asubuhi moja tu, nibusu uzi mmoja, nitoke.

Concetta, Mwitaliano ninayeshikana naye mikono, aliniona nikiutazama mlango huo. "Shoga, ukiingia humo, mdomo huo usije ukauleta kwenye supu yetu ya mgomo!" Nikamweleza habari ya sanda. Alinivuta mkono hadi tukapita kona ya pili, kisha akasema, "Mwambie mama yako angoje. Hata wangu anangoja."

Ningeweza kununua uzi dukani, niupitishe mdomoni, nisikuambie. Usingejua. Mimi ningejua.

Sikuingia. Nisubiri.

Mwanao,
Kotryna


Massachusetts, 18 Machi 1912

Mama yangu mpenzi,

Asifiwe Yesu Kristo. Kwaresima inakaribia kwisha, nami sijapata jibu lako. Kila barua ya kwetu inayofika mtaani hunisimamisha moyo hadi nione ni ya nani.

Tumeshinda; mshahara umeongezwa. Leo tumerudi kazini. Uzi wa kwanza kuubusu ndio huu ulio katika kifurushi. Nimeuzungusha kuwa donge, utoshe dhiraa nzima. Niandikie hata neno moja.

Mwanao,
Kotryna


14 Aprili 1912

Mwanangu,

Milele na milele, amina. Barua yako ya Januari ilifika. Hasira ilinizuia kujibu. Mpiga kinanda alikuja na kalamu yake, nikamrudisha. Nilisema: binti yangu ameshika mikono ya wageni, mkono wangu ameuacha. Kisha nikawa namwaza huyo mama yake Concetta, anayengoja kama mimi, wala sina hata jina lake la kumwombea. Mwulize, uniandikie.

Uzi umefika. Niliuonja kabla ya kuufuma. Una ladha ya vumbi. Pamba yako nyeupe ndani ya kitani changu cha kijivu inaonekana tangu mlangoni. Jirani yetu Magde akashangaa, "Mama Kotryna, sanda gani hii yenye kiraka?" Nikamjibu, "Hicho si kiraka. Ni binti yangu."

Usidhani lakini kwamba umemaliza kazi. Nimebakiza mstari mmoja, wa mwisho kabisa. Uzi wake unaning'inia pembeni mwa mtambo, na huo siugusi. Unangoja mikono.

Mama yako,
Ursule

Kuhusu kifua, safari hii ameniapisha nisiandike neno. — Mwandishi.