Tarumbeta Lililolia Bila Pumzi Yangu

Dodoma, Jumanne

Baba yangu, shikamoo.

Mguu unaendeleaje? Mama anasema sasa unafika hadi kwenye migomba na kurudi peke yako, nami sikumwamini mpaka nilipokusikia kwenye simu ukimgombeza kwa sauti yako ya zamani. Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka. Upepo wa huku si kama wa Tukuyu, ni mkavu, na mpiga tarumbeta anaujua kabla ya mtu mwingine yeyote. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako husikilizwa na sebule nzima, na jambo hili nataka ulisome wewe kwanza.

Najua umeonyeshwa ile video ya onesho letu inayosambaa. Mdogo wangu Lusajo kaniuliza, "Dada, kumbe huwa mnaigiza?"

Nilikwambia kwamba jioni, nikitoka wizarani, napiga na okestra ya watumishi na wanafunzi. Tunazipiga zile nyimbo za disko walizochezea vijana wa enzi zenu, ila kwa vayolini, matarumbeta na ngoma. Kiongozi wetu, Mwalimu Severini, alitoka Dar es Salaam. Alikuwa mkali. Ukikosea noti moja alisimamisha watu wote akakutazama mpaka ukatamani kuondoka. Basi, onesho lilipokaribia, ukali ukaisha ghafla. Zuhura, rafiki yangu wa kijiji cha Busi anayepiga vayolini, alikosea mstari mzima na Mwalimu akatabasamu tu. "Endeleeni, watoto wangu."

Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Baba, wewe umetufundisha matarumbeta ya kanisani miaka yote, uliwahi kutabasamu mtu akikosea?

Siku ya onesho nilifika ukumbini mapema. Mbele ya kiti changu palikuwa na kipaza sauti kizuri. Nikaufuata waya wake kwa mkono. Ulipita chini ya zulia, ukaishia hapo hapo, haukuunganishwa na chochote. Nikamshuku Imran, fundi wa sauti, ambaye familia yake ina duka la spika mjini. Nikamwendea kwa hasira.

"Kaka, kipaza sauti changu hakifanyi kazi."

"Dada, mimi nimeambiwa nifungue njia mbili tu za sauti," akasema taratibu. "Ya mwimbaji na ya kompyuta ya Mwalimu."

"Kompyuta ina nini?"

Akainua mabega. "Muulize yeye."

Nilimuuliza. Mwalimu Severini alikuwa akifunga tai. "Atupele, umekuja kupiga tarumbeta au kufanya upelelezi?" Wenzangu wakacheka. Nikarudi kwenye kiti changu.

Ukumbi ulijaa. Watu wazima walikuja na suruali zao pana za ujana. Wimbo wa kwanza watu walisimama wakacheza, na mimi nilipiga kwa nguvu zote, lakini sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa safi mno. Haikuwa na makosa yetu. Kilipokaribia kipande changu cha peke yangu, nililowesha midomo yangu iliyopasuka. Nilijiambia, kama shaka yangu si ya kweli, nitakuwa nimeliharibu onesho la watu wote. Nikashusha tarumbeta.

Likaendelea kulia, Baba. Tarumbeta tamu, la mtu nisiyemjua, nami nimesimama mdomo umefungwa mbele ya ukumbi mzima.

Mama mmoja wa mstari wa mbele aliacha kucheza akanikazia macho. Mwalimu akanipungia mkono niliinue. Sikuinua. Zuhura akanitazama, akaweka upinde wake mapajani, na vayolini nazo zikaendelea kulia. Ndipo watu wakaanza kupiga kelele, "Zima! Pigeni wenyewe!" Imran akazima. Mwalimu akatoka kwa mlango wa pembeni.

Baadhi ya watu waliondoka wakitutukana. Waliobaki walisogea mpaka jukwaani ili wasikie, maana hatukuwa na spika. Tulikosea sana. Yule mama alicheza hata hivyo, viatu mkononi.

Kesho yake Mwalimu alitwambia alituonea huruma, hakutaka tuaibike. Huenda ni kweli. Lakini ile video imekatwa mara tu baada ya mimi kushusha tarumbeta, isionekane yaliyofuata, na imepigwa kutoka upande wa jukwaa ambako watazamaji hawakuruhusiwa kupita. Sina uhakika kama ni Mwalimu aliyeisambaza, na sitaki kumsingizia mtu. Jana Mwalimu kanipigia, ati tusahau, tufanye onesho jingine. Nikamwambia nitakuja, ila waya wangu nitauunganisha mwenyewe. Akakata simu.

Msalimie Mama, na Bibi mzaa mama, na Shangazi anayeuza vitenge sokoni. Lusajo mwambie hivi: dada yako ndiye peke yake kwenye ile video ambaye haigizi.

Mungu akuongezee nguvu za mguu.

Mwanao akupendaye,
Atupele