Funika Lebo Kwanza

Baba,

Mlio ule haujanitoka. Asubuhi pale Kagarama, kabla chai haijamiminwa, ulikuwa unaiweka sarafu yako ya shaba kwenye ncha ya kidole, halafu unaigusa ukingoni kwa kalamu. Tiii. Mlio mwembamba, unaokatika kabla mtu hajaamua kama ameusikia. "Umesikia, mwana wanjye? Iko hai." Na Mama, bila kugeuka: "Chai inapoa, wewe na hai yako."

Naanza na mlio kwa sababu sarafu imerudi, na iliporudi haikulia.

Innocent aliileta siku za ikiriyo, matanga yako, ua ukiwa bado umejaa viti vya kukodi na watu wa kanisani. Alisimama mlangoni na bahasha mkononi, hajui aitoe au arudi nayo. Unamjua: mwenye duka la vipuri, mdogo kuliko wote katika kundi lenu la sarafu, yule uliyempa cheo cha Waziri wa Plastiki kwa sababu hanunui kitu ambacho hakijafungiwa kwenye kasha. Siku hiyo hakuwa waziri wa chochote. Alisema tu, "Pole, dada. Zimefika. Mzee alikuwa anazisubiri."

Ulikuwa unazisubiri. Hilo ndilo linaloniuma. Wewe mwenyewe ulimkabidhi sarafu tatu azipeleke ng'ambo kwa wale wapimaji wanaoitazama sarafu, wakaipa namba kati ya moja na sabini, wakaifungia kwenye plastiki ngumu yenye lebo. Hukuwa ukiwapenda. Ulizipeleka kwa sababu alikutania mbele ya wenzako, "Mzee, jicho lako halina muhuri," na wote wakacheka, na wewe ukacheka pia, ukarudi nyumbani ukachagua zile tatu.

Ile ya shaba uliipa thelathini. "Wakinipa ishirini na tano sitagombana nao," uliniambia ukiifunga kwenye karatasi laini.

Wameipa kumi na mbili, Baba.

Niliisoma jikoni, nimesimama kati ya masufuria ya watu. Kumi na mbili ni namba ya sarafu iliyosagika mifukoni mpaka ikalainika. Nilihisi kama mtu amekuja kwenye msiba wako kuniambia kwamba ulikuwa huoni.

Nikafanya kama ulivyonifundisha. Nilikata plasta ya karatasi ninayotumia maabara, nikaibandika juu ya lebo zote tatu. "Funika lebo kwanza," ulikuwa ukisema kila tulipotazama sarafu ya mtu mwingine, na kidole gumba chako kilikuwa tayari kimeshaziba namba. Kazini kwangu sampuli huja bila jina la mgonjwa, kwa sababu hiyohiyo. Kisha nikachukua lenzi yako.

Nitasema ukweli wote, maana hukunilea nikupake mafuta. Kwenye ile rupia ya fedha ulikosea. Uliapa kwamba hakuna mtu aliyewahi kuisafisha. Niliiinamisha chini ya taa nikaona mikwaruzo myembamba, yote ikielekea upande mmoja, kuzunguka shavu la mfalme wa Wajerumani. Mtu aliisugua zamani, labda kwa majivu. Lebo inasema imesafishwa, wala haikupewa namba. Hapo waliona kilichokuwepo, wewe uliona ulichopenda. Na ile shilingi ya simba wameihurumia: simba hana uso tena, mlima nyuma yake umebaki kivuli, nao wameipa mara mbili ya ulivyoipa wewe. Kwa hiyo si kwamba wana ubahili. Wanapatia, wanakosea, kama watu.

Lakini ile ya shaba hapana.

Ulinisimulia habari zake tangu nikiwa mdogo. Wajerumani walikuwa wamefungiwa bahari na vita, pesa hazifiki, basi wakagonga sarafu zao Tabora kwa haraka, kwa shaba waliyoipata na mashine ambazo hazikuundwa kwa kazi hiyo. Nyingine zilitoka na taji zuri, nyingine na taji lililobonyea kana kwamba mgongaji aliitwa kabla hajamaliza. Ulikuwa unapenda kuongeza, "Na mimi nilikulia Tabora, mtoto wa wakimbizi. Sisi wawili tulitolewa pale wakati wa shida, usitegemee mapambo." Halafu unajipigapiga upara.

Katikati ya sarafu yako taji ni bapa, kweli. Mtu aliyezoea sarafu za viwanda vikubwa, ambako kila taji hutoka kamili, akiona ubapa ule atasema umeletwa na vidole vya watu. Lakini tazama herufi zilizo kando: zina kingo kali hadi leo, ukipitisha ukucha unakwama. Mkono wa mtu hausagi taji ukaziruka herufi. Na ndani ya ubapa wenyewe, chini ya lenzi, bado kuna mparuzo wa bamba la shaba kabla halijagongwa. Ungekuwa umesagika ungekuwa laini na wenye kung'aa. Sehemu ile haijaguswa na nyundo ya Mjerumani, sembuse mfuko wa mtu. Imechakaa kidogo, ndiyo. Ulisema hivyo tangu mwanzo. Kidogo.

Jumapili baada ya ikiriyo kwisha nilikwenda Kimironko, nyuma ya duka la vitambaa la Hajji Swedi, mahali penu palepale, kati ya mabunda ya vitenge. Walinipa kiti chako. Nilitaka kukataa, nikakaa. Nilitoa makasha matatu, lebo zimefunikwa, nikaomba tufuate utaratibu wenu: kila mtu atazame bila kutoa sauti, aandike namba yake, aiweke chini ya kisahani chake cha chai.

Hajji alichukua muda mrefu akiguna. Fidele, mhasibu mstaafu, mwenye Kiswahili cha Kampala na tai hata Jumapili, aliizungusha dirishani mara kadhaa. Innocent alitaka kuchungulia chini ya plasta, Hajji akampiga kofi mkononi. "Wewe, macho mbele!"

Tukafunua visahani. Kwa ile ya shaba Hajji alikuwa ameandika thelathini. Fidele ishirini na tano. Innocent, waziri mwenyewe, thelathini. Baba, nilitaka kusimama nipige kelele mpaka mafundi cherehani wa mbele wageuke. Watu watatu waliokubishia maisha yako yote, wamekaa na namba yako mikononi.

Nikabandua plasta.

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Hakuna aliyesema uongo. Waliona upya. Hajji aliirudia sarafu, akaisogeza, akasema, "Eee, kumbe hapa kwenye taji... sikuvaa miwani ya karibu."

"Hajji, miwani iko puani," nikamwambia.

Akaigusa, akacheka kwa aibu, lakini namba yake hakuirudia. Fidele akakohoa. "Binti yangu, hawa watu wanatazama sarafu mchana kutwa. Sisi tunatazama tukitoka misa." Na Innocent, taratibu, kama anayenionea huruma: "Ariko... lakini dada, namba ni namba."

Alama kumi na nane, zimeyeyuka kwa sababu ya kipande cha karatasi. Sarafu haikuwa imebadilika hata chembe. Ilikuwa palepale mezani, na wao walikuwa wanaiona ikichakaa.

Halafu Fidele akavuta sinia. Lile sinia la waliotangulia, ambalo mwanachama akifa familia yake huacha juu yake sarafu moja na kadi yenye hukumu ya marehemu mwenyewe, kwa maneno yake. Ulipenda sana kadi ya Mzee Gaspard: "Mbovu, lakini yangu." Fidele alishika kalamu, akaandika jina lako kwa mwandiko wake mzuri, akaanza kuandika ile kumi na mbili ya lebo: moja, akielekea mbili.

Nikaweka mkono juu ya kadi.

Akasema siku hizi wageni wanakuja kutazama, tutaonekana watu wa kubahatisha, na kwamba namba yenye muhuri inakupa heshima. Heshima! Nikamwambia Gaspard hakuwa na muhuri na hakuna aliyemsahihisha. Nikamwambia kadi ile si ya kampuni, ni ya baba yangu, na kama hukumu ya marehemu inafutwa na mtu asiyewahi kumwona, basi sinia lote lile ni mapambo ya duka. Hajji alisema, "Mwacheni mtoto, ana uchungu." Ndiyo, nilikuwa na uchungu. Pia nilikuwa sahihi. Nikachukua sarafu zetu nikaondoka bila kumaliza chai.

Usiku... hapana, nisikuchoshe na usingizi wangu. Nitakuambia ninachokumbuka tu: mkono wako hospitali, ukipapasa shuka kwa kidole gumba, ukingo hadi ukingo, kama unatafuta mahali palipochakaa. Nilikuuliza unafanya nini. Ukasema, "Natazama."

Mama anaendelea vizuri. Anamimina chai mapema sasa, hakuna wa kumchelewesha, halafu anaikasirikia kwa kupoa.

Pumzika, Baba. Siahidi kukutetea katika kila kitu. Rupia ile nimeiandikia kadi nyumbani, "imesafishwa, Baba alikosea," na ungesaga meno halafu ungekubali. Ninachokuahidi ni kutazama kabla ya kusoma. Sarafu, watu, hata barua za wakubwa. Na nikishaona, sitaona upya kwa sababu mtu amenionyesha karatasi.

Jumamosi nilikwenda Gisozi, kwenye karakana za Agakiriro, kwa fundi aliyekutengenezea kabati. Nilimwomba anibanie kasha kwenye jiliwa, pembeni, asiguse katikati. Akalitazama upande huu na huu.

"Dada, iko nini ndani? Zahabu?"

"Shaba tu."

"Shaba munafungia hivi? Basi zahabu munaweka gereza gani?"

Plastiki ilipasuka kwa mshindo uliomfanya jirani yake azime msumeno. Katika ule utulivu mfupi niliiweka sarafu kwenye ncha ya kidole changu, nikaigusa kwa kalamu. Fundi akainua kichwa. Amesikia.

Leo imelala kwenye sinia Kimironko, wazi, mtu yeyote aishike. Nilifika kabla yao, Hajji akanifungulia bila kuuliza. Kadi nimeiandika mimi: "Thelathini. Haikuchakaa sana, iligongwa kwa haraka." Chini yake jina lako. Lebo yao sikuitupa; nimeilaza kifudifudi chini ya kadi. Anayeitaka ataifunua akishatazama.

Binti yako,
Aline