Hadithi za Bwana Ukungu Zilikuwa za Mama

Baba yangu,

Nimeianza barua hii mara tatu kwa salamu nzuri, na mara tatu nikaichana. Umelala pale shambani mwaka wa tisa sasa, na nililelewa nikiambiwa marehemu hasemwi vibaya. Leo nitakusema.

Jumamosi iliyopita Bwana Ukungu alirudi mjini. Ndiyo, huyo shujaa wako wa vitabu vya katuni, mpima maziwa ambaye akivuta pumzi ndefu anageuka ukungu na kupenya chini ya milango ya wezi wa ng'ombe. Kampuni moja ya vitabu inataka kuchapisha upya matoleo yote kumi na moja, ikaita watu kwenye ukumbi mmoja hapa Eldoret. Mimi na Mama tukakalishwa mbele, kama familia. Ukutani walikuwa wamebandika jalada kubwa: "Hadithi na michoro", kisha jina lako. Lako tu.

Unaikumbuka nyumba yetu ya zamani, mtaa wa West Indies? Wewe umeketi mezani na kalamu zako na karatasi nyeupe, hujui uchore nini. Mama yuko jikoni anamenya viazi, mlango ameuacha wazi.

"Sasa nini kitafanyika?" unamuuliza.

Naye, bila kugeuka, anakuambia mwenye lori lililobeba ng'ombe wa wizi ni shemeji wa chifu, kwa hivyo kumshtaki hakutasaidia. Lazima Bwana Ukungu amfanye aseme mwenyewe mbele ya watu. Unacheka, unapiga meza, unachora. Hata ile sheria kwamba Bwana Ukungu akidanganya anarudi kuwa mtu papo hapo, ilitoka jikoni. Mlikuwa na furaha, Baba, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuwa na miaka minane, nikikupakia wino mweusi kwenye vivuli, nikidhani watu waliooana wote wanaishi hivyo.

Toleo la kwanza lilipotoka nikakuuliza mbona jina la Mama halipo. "Nyumba ni moja, jina ni moja," ukanijibu. Mama alikuwa anapiga pasi. Akageuza kola, akaendelea.

Halafu ikaja ile siku ya wazazi shuleni kwetu. Mwalimu mkuu alikualika uzungumze. Msichana mmoja akainua mkono, akauliza hadithi zako unazitoa wapi. Mama alikuwa mstari wa pili na ile sweta yake ya kijani. Ukamwangalia. Nilikuona, Baba, ulimwangalia! Kisha ukasema, "Zinanijia tu nikiwa natembea peke yangu." Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga.

Tuliporudi nyumbani ukakaa tena mezani na karatasi yako, ukamuuliza, "Sasa nini kitafanyika?"

Akakujibu, "Nenda utembee."

Hakukupa hadithi nyingine. Ukajikokota mwenyewe matoleo mawili. Katika la mwisho ukamfungia Bwana Ukungu ndani ya ghala la mahindi linalowaka moto, na hukujua utamtoaje. Ukaacha hapo. Miaka yote iliyobaki uliwaambia wageni kwamba wachapishaji walikuharibia kazi, kwamba watu wa siku hizi hawasomi. Na mke wako alikuwa anawamiminia chai wageni hao hao! Ungemwomba msamaha tu. Ungesimama mlangoni pa jikoni, useme neno moja. Uliona afadhali shujaa wako aungue.

Kwa hivyo mwenyekiti aliposema haya yote yalitoka kwa "akili ya mtu mmoja", nikasimama. Nikasema hadithi ni za Mama. Ndugu yako, Anko, akanivuta koti.

"Keti chini. Unaaibisha marehemu."

"Na huyu aliye hai, yeye aaibishwe tu?"

Mwanamke wa kampuni akaniuliza kwa upole kama kuna karatasi yoyote ya kuonyesha. Karatasi! Mtu anayemenya viazi anaacha karatasi gani?

Ndipo mzee mmoja, fundi wa viatu kutoka Langas, akasimama huko nyuma na nakala yake ya toleo la mwisho, imechakaa kabisa.

"Mama," akasema, "mimi nimengoja tangu nikiwa kijana. Huyu mtu alitoka aje kwa hiyo ghala?"

Mama hakusimama. Alijibu kwa sauti ile ile ya jikoni.

"Hakutoka kama ukungu. Moshi ulikuwa mwingi, hakuwa na pumzi ya kuvuta. Alipiga kelele. Akataja jina lake la kweli, akaomba asaidiwe. Majirani ndio walivunja mlango. Na mke wake alikuwa wa kwanza na shoka."

Yule fundi akavua kofia, akaketi, akajifuta macho. Mama alikuwa nao, Baba. Miaka yote hiyo alikuwa na mwisho wa hadithi yako, na hukumuuliza.

Jumatatu mwanamke wa kampuni akatufuata nyumbani tunakoishi sasa, mtaa wa Pioneer, na jalada jipya. "Hadithi: Rael. Michoro:" na jina lako. Nikamwambia akutoe hapo mbele, akuweke nyuma kwa herufi ndogo. Mama akakataa.

"Aliyechora ni yeye. Mwache hapo."

"Mbona unamtetea?"

"Simtetei. Nasema ilivyokuwa. Mtu mmoja katika hii nyumba alipaswa kuisema kweli tangu zamani."

Kisha akavaa miwani, akalisoma jina lake polepole, akauliza kama haliwezi kuandikwa kubwa zaidi. Litaandikwa kubwa zaidi.

Mimi sijakusamehe. Yeye kama amekusamehe, hajaniambia, na sitamuuliza. Najua tu kwamba asubuhi hii nilimkuta ameketi kwenye kiti chako, meza yote ameijaza karatasi, na aliponiona akaniambia nifunge mlango, yuko kazini.

Pumzika, Baba, kama unaweza.

Ni mimi, binti yako.