Jino Lililolala Kichwa Chini

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila magoti yangu ndiyo yale yale. Na wewe, masufuria ya kambini hayajakumaliza?

Mwanao, yule chiriku wako, ana jino la mbele limegoma kuota. Nilidhani ni uvivu wa jino tu. Daktari wa meno kapiga eksirei, akaniita nitazame. Kuna jino la ziada, dogo, limelala kichwa chini ndani ya mfupa. Limemzibia mwenzake njia, na linaegemea mzizi wa jino la pembeni. Anataka alitoe mapema, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Nasubiri neno lako.

Dada yako

19 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua yako imekuja na lori la mboga. Simu bado zinabaki getini, eti mgodi una siri zake. Labda siri ya vumbi.

Kuhusu usingizi, hapana. Unakumbuka mama yake aliingia chumba cha upasuaji akicheka, akasema tutaonana baadaye. Hakuamka. Mwanangu asiguswe mpaka nije nimshike mkono mwenyewe. Nimeomba ruhusa, akipatikana mpishi wa kunishikia zamu nakuja.

Mdogo wako

27 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Ruhusa imeishia wapi?

Daktari kapiga picha nyingine. Mzizi wa lile jino la pembeni umeanza kuliwa, umechongeka kama penseli. Mtoto haumwi hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha. Siku hizi anaongea ameziba mdomo kwa kiganja. Darasani hajibu hata anachokijua. Jana kaniuliza, "Shangazi, mpaka baba aje ndiyo nitibiwe?" Umefunga mlango, mdogo wangu, na ufunguo umeondoka nao.

Dada yako

15 Mei

Dada,

Shikamoo. Nashukuru, mwili mzima.

Msimamizi kakataa tena. Waliletewa mpishi mwingine, akaonja moshi wa jiko letu, akatoroka na lori la mboga. Nami nikitoroka, kazi sina. Jana nimeunguza chakula cha kambi nzima kwa mawazo.

Najua umenikasirikia. Lakini nikifumba macho namwona mama yake kwenye machela. Siwezi kusema ndiyo nikiwa huku. Nisubiri, nakuomba.

Mdogo wako

3 Juni

Mdogo wangu,

Leo hali sikuulizi, utanisamehe. Lile jino la pembeni limeanza kucheza. Keshokutwa tunaingia hospitali, na mkono nitaushika mimi. Barua hii ikikufikia, mambo yatakuwa yameshakwisha. Ukitaka usinisemeshe tena maisha yako yote, sawa.

Dada yako

12 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua nimeipata leo. Nimetazama tarehe, nikakaa palepale kwenye gunia la viazi. Kilichokuwa kimeshakuwa, na mimi siku hiyo nilikuwa namenya vitunguu nikitaniana na wenzangu. Getini wamekataa kunipa simu hata niseme neno moja. Niandikie mstari mmoja tu. Hata kama ni mbaya.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Sisi wazima, wote. Nimetanguliza hilo makusudi. Niliandika siku ileile, lakini dereva aliisahau barua chini ya kiti. Nimemsema vya kutosha kwa niaba yako.

Jino la ziada limetoka, dogo kama punje ya mahindi. Lililokwama sasa limepata njia. La pembeni halikuokoka, mzizi ulibaki kisiki, wakaling'oa. Daktari anasema tungewahi lingepona. Sikufichi, wala sikulaumu. Mkono wenyewe niliuachia mlangoni, hawakuniruhusu kuingia. Nilikaa kwenye benchi nikiwa sina ninaloweza kufanya, ndipo nikaijua hofu yako.

Alipofumbua macho, mdomo umejaa pamba, akahangaika kusema kitu. Nikainama nikidhani anataka maji.

"Mwambie baba nimeamka."

Dada yako