Umelala Vipi, Baba Atieno?

Kaloleni, Jumapili usiku

Eti analala vizuri! Kesho Baba Atieno anaenda kwa madaktari wa jeshi, waone kama kweli pumzi inamkatika usingizini, ndipo apate pensheni ya ulemavu. Basi baada ya kula nikajifanya daktari, nimfundishe kujibu.

"Bwana, unalala vipi?"

"Vizuri sana, afande. Sijui wewe?"

Sijui wewe! Mtu anaulizwa ugonjwa, yeye anarudisha salamu.

"Baba Atieno, huyo hakusalimii. Anataka kujua shida yako."

"Sasa Mama Atieno, mtu mzima akiniuliza nimelala vipi, nimwambie vibaya? Hiyo ni adabu gani?"

Tukarudia. Akasema, "Salama tu." Mara ya tatu hakujibu kabisa. Alishalala pale kitini, anakoroma kama trekta ya miwa ya Muhoroni. Hilo ndilo jibu zuri, lakini kesho atakuwa macho, amenyoa ndevu, viatu vinang'aa. Wataona mwanajeshi safi, wamwandike mzima.

Mzima huyo ndiye, baada ya kutoka jeshini, aliyefukuzwa kazi ya kulinda geti kwa sababu ya kusinzia. Tukinyimwa hii pensheni, sijui.

Nimeamua tunaenda wote, Atieno mgongoni. Wakiuliza Bwana analala vipi, nitajibu mimi ninayemwamsha apumue. Heri mimi nikose adabu. Labda watasikia.

Trekta imezimika tena. Ngoja nikamsukume.