Kona ya Daftari Langu

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikatulia kama mjinga, nasubiri marahaba yako.

Mama ametoka eda Ijumaa. Amekonda, lakini anakula. Kibanda chako cha Temeke tumempangisha muuza mitumba. Pale ulipokuwa ukigonga bati sasa zinaning'inia suruali. Nikipita huko navuka upande wa pili wa barabara. Siwezi kutazama.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo la Jumanne. Shuleni kwetu Chanika tumeletewa kompyuta moja, ina programu ya kuchora maumbo. Mkuu wa shule akaniambia, wewe ndiye wa hesabu, ijaribu. Nikachora duara. Nikapitisha kipenyo, nikaweka nukta ukingoni, nikaiunganisha na ncha mbili za kipenyo. Kompyuta ikaandika pembe: tisini. Halafu nikaishika ile nukta kwa mausi, nikaiburuta. Ikatembea ukingoni, mistari ikarefuka na kufupika, pembe ikabaki tisini. Nikaivuta tena. Tisini. Miaka sita nimewafundisha watoto jambo hilo ubaoni, lakini mchoro wa chaki hausogei. Ile nukta ilipotembea ndipo nikauona mkono wako.

Unakumbuka? Nilikuwa kidato cha pili. Ulikuwa unatafuta katikati ya mfuniko wa sufuria ili utoboe tundu la kishikio. Ukachukua daftari langu, ukaweka kona yake kwenye ukingo wa bati, ukatia alama pale pande zake mbili zilipokata ukingo, ukaziunga kwa mstari. Ukazungusha bati, ukarudia. Mistari ilipokutana ukasema, "Katikati ndiyo hapa. Bati linasema lenyewe, mama."

Nami nikakujibu mbele ya wateja, "Baba, huko ni kubahatisha. Sie shuleni tunatumia bikari. Na unanichafulia daftari!" Nikalivuta. Jalada likabaki mkononi mwako. Ukasema tu, "Basi mama, yaishe." Tangu siku ile, nikija kibandani unaweka bati chini, unaniuliza habari za shule. Kazi yako hukunionyesha tena.

Hukuwa unabahatisha, Baba. Kona ya daftari ni pembe ya tisini, kwa hiyo kila mstari uliouchora ulikuwa kipenyo. Nilikuwa sijui, na nilipokuja kujua wala sikukukumbuka. Ningekuja hata siku moja tu, nikakaa kwenye kigoda chako, nikasema ulikuwa sahihi. Homa ya siku nne ikakuchukua, na mimi sijasema.

Jumanne hiyo hiyo nilikwenda kwa Mama, nikafungua sanduku lako la vyombo. Chini ya mkasi wa bati nikalikuta lile jalada, lina jina langu, limeingia mafuta hadi limekuwa jeusi. Kona tatu zimelika, zimekuwa butu. Moja bado imesimama. Miaka yote ulikuwa unalitumia, ukilificha nisikuone. Nililia hadi Mama akaja kunishika.

Pumzika, Baba. Jumatatu naingia darasani na ule mfuniko wako ambao Mama anafunikia wali, pamoja na kona iliyobaki. Kompyuta wataiona baadaye. Kwanza nitawaonyesha ulivyofanya wewe, kisha nitalitaja jina lako kwa sauti. Nilikuaibisha mbele za watu, na nitakuomba radhi mbele za watu.

Mwanao,
Mwajuma