Ua la Msanzi

Dada Tekla, shikamoo. Huku Msanzi upepo ni baridi, hata kuandika naandika nimevaa koti.

Juzi niliona ua la zambarau juu ya tuta shambani. Unajua Wafipa hufukia nyasi kwenye matuta ya mviringo zioze ziwe mbolea, kwa hiyo niliinama kulichuma bila wasiwasi. Mama mwenye shamba akaniambia taratibu, "Mwanangu, hilo siyo tuta. Hapo amelala mume wangu."

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akauliza ua nampelekea nani. Nikasema ni rafiki yangu mgonjwa, niliyefundisha naye baiolojia. Akalichuma mwenyewe. "Mpelekee. Marehemu alipenda wageni."

Nimelikausha na kulibandika hapa kwa selotepu. Unakumbuka tulivyowasimulia wanafunzi habari za wanasayansi wa karne ya kumi na tisa, waliotumiana maua makavu kwa posta, wakawa marafiki kwa kuulizana na kujibiana? Sasa ni zamu yako.

Ugua pole, dada yangu. Jina la ua hili silijui, na sitamuuliza mtu mwingine.

Mdogo wako,
Salome